Asmini ya Saa Kumi

Mwezi uliopita nilikuwa napita barabara inayoteremka ziwani, pale wauza miche wanapopanga makopo yao kando ya lami, nikasimama kutafuta mche wa mlimao. Mama mmoja muuzaji, mchangamfu kweli, akanishikia mbele ya pua kopo la rangi lenye mmea mwembamba uliojisokota kwenye kijiti. "Beba hii, dada. Ni jasmeni. Inapanda ukuta, jioni inanukia mupaka kwa jirani." Halafu akaniuliza kama najua kuitunza. Basi wewe, mtu mzima na mkoba wangu begani, nikamwachia kopo mikononi. Nilirudi garini, nikapandisha kioo, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Mlimao wenyewe sikuuchukua.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulialia. Kwa hiyo nimeona bora nikueleze. Ukiona nachelewa kufika penye jambo, vumilia, maana habari za ule mmea nikizianza katikati hutazielewa.

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, hatukusema jasmeni. Tulisema asmini, kwa sababu mama alikuja nayo kutoka Ujiji, na ndivyo wanavyoiita kwao. Alisafiri ziwani akiwa bibi harusi, amepakata mapajani kopo la mafuta ya kupikia, ndani yake mizizi imefungwa kitambaa kibichi. Baba alipenda kusimulia kwamba siku ile bandarini alipokea mke, sanduku na kopo, na kwamba kilichoshushwa kwa uangalifu kuliko vyote ni kopo. Mama alikuwa akimtupia kijiko.

Baba alikuwa fundi wa malori. Kichanja alichoijengea asmini hakikuwa cha mianzi kama kwa watu wengine. Alikichomelea kwa mabomba ya moshi ya malori mabovu, akakikaza kwa nyaya za breki. Kilikuwa kizito, kibaya, na wageni walidhani ni kitu cha gereji kilichosahaulika uani. Asmini haikujali. Kabla sijaanza kusema maneno ya kueleweka ilikuwa imeshafunika chuma chote, na nilipokua kidogo baba alikuwa akininyanyua juu ya mabega nimsaidie kufunga matawi yaliyokuwa yanarandaranda. Nakumbuka harufu ya shingo yake, grisi na sabuni ya unga, na juu yake ile ya maua.

Baba aliipanda makusudi karibu na jiwe la kutawadhia, akachimba mfereji mdogo ili maji ya udhu yateremke kwenye shina. Mara tano kwa siku tulipotawadha, nayo ilikunywa. Hata miaka ile maji ya bomba yalipokuwa yanakatika siku tatu nne, asmini haikukosa fungu lake, kwa sababu sala haikatiki. Maji ya sabuni yalikuwa mwiko. Mara moja kwa wiki ilipewa maji yaliyooshewa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, maana mama alikuwa akiuza ndagala sokoni, na siku hiyo uani kwetu hapakaliki.

Saa kumi za alasiri ndiyo ilikuwa saa ya kuchuma. Ukichelewa, ua limeshafunguka na halistahimili sindano. Ukiwahi, tumba bado gumu na halitafunguka tena. Unachukua lile lililoanza kulainika, jeupe, limefumba, unalitunga kwenye uzi pamoja na wenzake mpaka upate kishada. Mama alikuwa anaoga kuondoa ndagala, halafu anakibana kwenye fundo la nywele, humo ndani tu, mtandio ukiwa umewekwa pembeni. Magharibi ikiingia matumba yanaanza kufunguka humo humo kichwani mwake, na chumba kinajaa. Baba akiingia alikuwa anasimama mlangoni, anapandisha pua juu. "Eh! Mi nilioa ndagala. Hii asmini imeingia na nani?" Kila siku neno hilo hilo. Kila siku mama alicheka, na mimi nilicheka kwa sababu mama amecheka.

Hapo pana jambo lazima ulishike, la sivyo hutaelewa kilichonipata. Mtaani kwetu mwanamke aliyekuwa akivaa asmini ni mwanamke mwenye mume. Akifiwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi: hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato ya aina yoyote, wala ua. Kwa hiyo kishada kile hakikuwa pambo tu. Jirani akiingia akamwona mama nacho, alijua mumewe yu hai.

Vita vilipoanza, watu wazima walivipa jina la krizi, kama vile ni homa ya kupita. Walipita watu, yenyewe ikabaki. Mwaka wa pili wa krizi, nikiwa na miaka saba, baba aliitwa kwenda kutengeneza lori lililokwama barabara ya kaskazini, kule milimani. Alipanga zana zake kwenye begi, akaacha dirishani pensi yake, lile koleo kubwa la kukatia nyaya, kwa sababu begi lilikuwa limeshakuwa zito. Alikunywa chai ya tangawizi akiwa amesimama, akamwambia mama atarudi kabla ya magharibi. Lori lilipatikana baada ya wiki, limechomwa. Dereva alipatikana, ameshakufa. Baba hakupatikana, wala begi, wala kiatu. Mama alikwenda kuuliza kila mahali panapoulizwa, na kila mahali alipewa jibu moja, asubiri.

Basi tukasubiri. Sikuwa na kaka wala dada. Wapangaji wa vyumba vya nyuma walihama, mmoja leo, mwingine baada ya mwezi, tukabaki sisi wawili kwenye paseli, kiwanja chetu cha nyumba, iliyokuwa na milango mitano. Rafiki yangu wa darasani alihamia Ngagara kwa mjomba wake, ng'ambo ya mto tu, mwendo wa kutembea, lakini miaka ile kuvuka mto ni kuhatarisha roho, Ngagara ikawa mbali kuliko Ujiji. Shule ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa. Zilikuwepo siku za mji kufa, watu wameamriwa wasifungue duka wala wasitembee, na mlango wetu wa bati unabaki na komeo tangu asubuhi.

Milio ya risasi tuliizoea, nisikudanganye. Kilichonishinda ni ule ukimya wa mchana. Mama yuko sokoni, redio imeisha betri, kuku wamelala mchangani, na mimi nimekaa juu ya jiwe la kutawadhia nazungumza na mmea. Niliusimulia masomo. Niliuambia nani amenisonya madrasa. Niliuliza habari za baba, na kwa kuwa haukunijibu vibaya, nikahesabu kwamba umenijibu vizuri.

Na kila saa kumi nilichuma, nikatunga, nikampelekea mama. Siku ile lori lilipopatikana, sindano ilinichoma mara mbili. Mama alikiangalia kile kishada muda mrefu, akaniangalia mimi, akakibana nywele. Moyo wangu ukatua. Si unaona, nikajiambia, mama amevaa, baba yuko. Kuanzia hapo nilikuwa nikimwangalia usoni kila siku mpaka avae, ndipo niende kucheza, kama kulikuwa na wa kucheza naye.

Mtaani walisema sana. Wengine walisema yule mwanamke hana haya, mume hajulikani alipo na yeye ananukia. Wengine walisema akivua tu, amemzika mumewe kwa mikono yake mwenyewe. Mama alipanga ndagala zake kwa vikombe, akarudi nyumbani, akaoga, akavaa.

Miaka minne ikapita hivyo. Alasiri moja ya kiangazi, shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kutoka mtaa wa Jabe akiwa na mwalimu wetu wa madrasa. Mimi niliambiwa nikacheze nje, na nje palikuwa na dirisha. Mwalimu alizungumza polepole, kwa adabu. Alisema wanachuoni wana kauli nyingi juu ya mtu aliyepotea, lakini sasa miaka minne imetimia, na hakuna atakayemlaumu mama akikaa eda ili maisha yaendelee. Shangazi hakuwa na polepole yoyote.

"Wifi, kaka yangu munamuvalia maua, na mupaka leo hakuna aliyemusomea hata hitima. Kama iko chini ya udongo, anangojea nini kwetu? Maua?"

Akaangua kilio. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe, kwa sababu niliona anamuua baba kwa mdomo. Chai ya wageni ikafanya utando. Halafu nikamsikia mama, sauti kavu, wala haina ugomvi.

"Asmini yake bado inatoa. Siku itaacha kutoa, nitawasikiliza."

Sijui kama alilipima neno lile. Mimi nililipima. Nilishika mabomba ya kile kichanja, yana joto la jua, nikajua kazi yangu hapa duniani ni nini. Asmini ikitoa, baba yuko hai. Ikiacha, tunamzika bila mwili. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba nimebebeshwa mzigo huo.

Shida ni kwamba asmini ilikuwa imechoka. Tangu baba aondoke mama alikataza isiguswe na chuma. "Aliyeipanda ndiye ataikata," alisema, na hiyo ikawa sheria ya nyumba. Kwa hiyo ilijipanda yenyewe kwa yenyewe, tawi juu ya tawi, chini matawi makavu yanakwaruza, juu kofia ya majani, na maua machache yakawa yanatokea kule juu kabisa, upande wa bati la jirani. Vishada vyangu vikawa vifupi. Nikajifunza udanganyifu: natia jani kati ya tumba na tumba, uzi unaonekana umejaa. Nilimwaga maji ya ndagala kila siku mpaka nzi wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Nilitia majivu. Nilisoma Ayatul Kursiy juu ya shina, nikapuliza. Mwishoni mwa kiangazi, siku moja, nilipanda juu ya pipa, nikanyoosha mkono mpaka kwapa likauma, nikashuka na matumba matatu. Mama aliyabana yale matatu kwa pini. Nilikwenda jikoni kulia karibu na moshi, ili macho yangu yawe na sababu.

Jirani wa upande ule wa bati alikuwa mama mmoja wa Uvira, upande wa Kongo, Mkristo, aliyekimbia vita vya kwao akaja kuingia kwenye vya kwetu. Mwanamke mpana, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kwenye ukuta wake alikuwa ameotesha marakuja, matunda ya pasheni, yaliyokuwa yanazaa bila aibu. Alikuwa amesimama juu ya tofali lake, kichwa kimechomoza ukutani, ameniona pipani.

"We mutoto, unatafuta kuvunja shingo? Shuka!"

Nikashuka. Yeye akaendelea kuitazama asmini, anaipekua majani kwa vidole, anasikitika.

"Hii haiko na ugonjwa. Imechoka tu. Maua inatokaka ku matawi ya mupya, haitokake ku mifupa. Mukate yote, mupaka hapa." Akainama kidogo, akajipiga gotini ingawa goti lenyewe sikuliona. "Mungojee mvua ya kwanza, ndiyo mukate. Miezi mbili, tatu, utakuja kuniambia."

"Mama amekataza isikatwe."

"Basi mi nitamuambia."

"Apana, mama jirani! Usimwambie, nakuomba."

Yule mama akasema yeye haingiaki mu mambo ya nyumba ya watu, akashuka kwenye tofali lake.

Nilizunguka na neno lile karibu mwezi mzima. Nikimwomba mama ruhusa, atakataa, na asmini itakufa imesimama. Nikiikata kwa siri, miezi mitatu hakuna kishada. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto: mama alisema ikiacha kutoa. Kukatwa si kuacha kutoa. Kukatwa ni kupumzika. Niliona hoja hiyo haina tundu, ningeweza kumshinda nayo hata mwalimu. Asubuhi nikiamka, jambo la kwanza lilikuwa kuangalia mawingu ya upande wa Kongo, kama yameanza kuwa meusi. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kama ninafanya sawa. Nilimuuliza asmini mwenyewe, na safari hii sikupenda alivyonyamaza.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne. Jumatano mama aliondoka alfajiri kwenda Ruziba kuchukua ndagala kwa wavuvi, na mchana njia ya kusini ikafungwa, watu wanasema kuna mapigano. Aliniagizia kwa mchuuzi mwenzake kwamba yuko salama, atarudi kesho njia ikifunguliwa. Jirani akaniletea ugali na isombe ya majani ya muhogo, akanilaza kwake pamoja na watoto wake. Alhamisi asubuhi nilirudi kwetu, nikafunga komeo, nikachukua ile pensi ya baba pale dirishani.

Ilikuwa imeanza kushika kutu, nikailainisha kwa mafuta ya kupikia. Nilisema bismillahi. Kila tawi lilipokatika lilitoa sauti ndogo, tak, na mimi nikaliomba samahani. Nilikata mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikakokota matawi upande wa jikoni, nikarudi, nikakata tena. Nilipomaliza, kichanja kilikuwa kimesimama uchi, mabomba ya moshi na nyaya za breki tupu, na chini yake visiki vinne vya urefu wa goti. Uani paliingia mwanga mwingi ambao sikuwa naujua. Hapo ndipo nikaogopa.

Mama aliingia saa saba, beseni la ndagala kichwani. Akasimama. Hata beseni hakulishusha.

"Nani amekata?"

"Mi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaiona pensi mkononi mwangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, mvua ya kwanza, matawi mapya, miezi mitatu, yote kwa utaratibu kama sura ya kuhifadhi. Hakuna lililotoka. Nilimwona uso wake unalegea, wala si kwa hasira, hasira yake mimi nilikuwa naijua vizuri. Ulilegea kama wa mtu anayetuliwa mzigo, na hilo lilinitisha kuliko kofi. Akashusha beseni, akanitoa pensi mkononi taratibu, akanivuta kifuani huku ananuka Ruziba nzima.

"Basi, mwanangu," akasema. "Basi. Imetosha."

Nikadhani amenisamehe. Saa kumi ilipofika nilikaa kwenye jiwe, sindano na uzi mkononi, kwa mazoea tu. Mama akaoga. Akavaa kitenge kilichopauka, cha rangi moja, akamtuma jirani kwa shangazi. Kabla ya magharibi mwalimu alikuwa ameketi sebuleni, mama anaanza eda, na ndipo nikaelewa nilichofanya.

Nilitaka kupaza sauti. Itatoa tena! Subirini kidogo, itatoa! Lakini watu wazima walikuwa wanalia, shangazi ameshika miguu ya mama anamshukuru, na mtoto anaingiaje katikati ya kilio kama kile na habari za matawi? Ijumaa hitima ya baba ikasomwa. Paseli ilijaa watu, milango yote mitano imefunguliwa, sufuria za wali zinapita juu ya vichwa. Miaka minne nilikuwa natamani nyumba yetu ijae watu hivyo. Nilijificha nyuma ya pipa, na wali sikuula.

Na asmini? Eh, rafiki yangu. Yule mama wa Uvira hakukosea hata siku moja. Wiki ya pili visiki vikatoa macho. Mwezi wa pili chuma hakionekani tena. Mwezi wa tatu ikatoa maua ambayo sijayaona popote tangu hapo, kuanzia usawa wa goti mpaka juu, watu wakawa wanasimama barabarani kuuliza harufu inatoka wapi. Inatoka kwa mwanamke wa eda! Iliingia kwa dirisha, kwa mlango, kwa matundu ya bati. Mama alimtuma shangazi akamuulize mwalimu kama anatenda dhambi, naye akajibu kwamba pua haina hukumu, mkono ndio wenye hukumu, maadamu hagusi. Basi hakugusa. Mimi pia sikuchuma. Saa kumi ilifika, ikapita. Maua yalifunguka kwenye matawi yenyewe, asubuhi yakawa yamelala juu ya jiwe, tukatawadha juu yake.

Jumapili moja asubuhi jirani alipanda tofali lake, akaniita. "Binti, maua yote hii inaanguka bure? Nipatie kidogo nipeleke ku kanisa leo siku ya yenga." Nikamwambia sitampa. Nikamwambia yeye ndiye aliyemuua baba yangu. Hakuelewa, masikini. Akashuka kwenye tofali lake. Tangu Jumapili ile hata yeye sikuwa naye.

Eda iliisha asubuhi moja ya jua kali. Shangazi alimletea mama kitenge kipya, chekundu, wakakaanga vitumbua, wakacheka kidogo jikoni, kicheko cha watu wanaojaribu. Nilisubiri saa kumi. Nilichuma mpaka bakuli likajaa, nikatunga kishada kirefu kuliko vyote nilivyowahi kutunga, bila jani hata moja la udanganyifu, nikampelekea chumbani. Nakuambia ukweli, nilifikiri akikivaa tu, mambo yote yatarudi nyuma.

Mama alikipokea, akakinusa, macho ameyafumba. Halafu akakivika shingoni mwangu.

"Mi sitavaa tena," akasema. "Vaa we."

"Mama, lakini imetoa. Si ulisema..."

"Nilisema vile kwa ajili yako, nilijua uko dirishani." Akanikalisha kitandani, karibu naye. "Mwanangu, mi nilikuwa navaa juu yako. Kila saa kumi unanijia na uzi wako, unaniangalia na yale macho. Ningekuambia nini? Mi nilijua tangu lile lori. Mutu anajua. Nikasema, nitavaa mupaka mutoto achoke mwenyewe, hata ikiwa miaka kumi." Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge kipya, akatabasamu. "Ile siku nilikukuta na pensi, nikasema alhamdulillahi, mutoto amekubali. Amekata mwenyewe. Umekua, mama. Si ndivyo?"

Nadhani unaijua mitaa yetu ilivyo sasa. Krizi iliisha, watoto wa Ngagara wanakuja Buyenzi na kurudi bila kufikiri. Paseli yetu tuliiuza, mwenye duka la vipuri akamwaga saruji uani kote, na kichanja cha baba, nasikia, kilirudi kuwa chuma chakavu. Mama wa Uvira alirudi kwao nikiwa shuleni bwenini. Sikumwomba radhi, na jina la kanisa lake silijui. Sasa Buyenzi sioni mtu anayetunga maua saa kumi. Wanajipulizia chupa, wanatoka. Mama mwenyewe tulimzika mwaka juzi. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akipata mgeni anamsimulia jinsi binti yake, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alivyoshika pensi ya baba yake akakata asmini, akamfungulia mama yake njia. Wageni walinisifu, na mimi niliwaongezea chai.

Sikumwambia kamwe kwamba nilikata ili baba asife. Ningemwambiaje? Siku ile pale kitandani alikuwa ananiangalia kwa furaha, mara ya kwanza baada ya miaka minne na zaidi, anasubiri jibu langu. Nikasema, "Ndivyo, mama." Akapumua, akainuka, akaenda kumwita shangazi waje kula vitumbua. Na mimi, kuanzia alasiri ile, nikawa namngoja baba peke yangu.